Bikoni au ujumbe wa setilaiti? ResQLink 400 na inReach Mini 2 kwa Rwenzori na Elgoni

Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta nne za jeshi la Uganda ziliruka kuelekea Somalia kuongezea nguvu AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Tatu zilikuwa Mi-24, helikopta za mashambulizi, na ya nne ilikuwa Mi-17 ya kubeba watu na mizigo. Iliyotua Garissa ni Mi-17 peke yake. Mi-24 zote tatu ziliangukia Mlima Kenya. Wanajeshi wa mojawapo walipatikana wakiwa hai. Nyingine mbili zilikutwa zimeteketea.

Anayetaka kununua kifaa cha kuitia msaada mlimani aanzie hapo. Matangazo ya vifaa hivi humwonyesha mtu amekaa juu ya jiwe, amebonyeza kitufe, na helikopta inamjia. Huku kwetu helikopta yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayotafutwa. Mi-24 iliyojaa hufika tani 12. Kusimama angani bila kusonga mbele, mwisho wake ni kwenye mita 2,000 hivi, na hata ikienda kwa kasi haifiki mita 5,000. Kilele cha Mlima Kenya kiko mita 5,199, Margherita ya Rwenzori mita 5,109, Wagagai ya Elgoni mita 4,321. Ukifika mita 5,000, hewa ina uzito wa karibu asilimia 60 tu ya ile ya usawa wa bahari: pangaboi linakosa cha kushika, injini nayo inakosa pumzi. Ongeza upepo unaoporomoka upande wa pili wa tuta, ongeza wingu ambalo Rwenzori hufunga bonde mara nyingi kabla ya adhuhuri, na hesabu ya rubani yeyote inakuwa ngumu, hata mwenye chombo chepesi kuliko Mi-24.

Kwa maana hiyo, anayekuja kumtoa mtu kwenye kambi za Rwenzori kama Elena au Kitandara ni mtu mwenye buti za mpira na machela begani. Kifaa kipimwe kwa hilo: kitawafikisha watembea kwa miguu mahali ulipo, wakiwa wamebeba kinachotakiwa?

Vifaa viwili vinavyoulizwa sana ni vya ukoo tofauti, ingawa wauzaji huviweka rafu moja. ACR ResQLink 400 ni bikoni ya dharura, aina ambayo kwenye boksi huandikwa PLB. Ina gramu 148, inaelea majini, na haina bando la kulipia. Ukiiwasha hutuma taarifa kwenye masafa ya megahezi 406 kwa nguvu ya wati 5, mkupuo wa nusu sekunde hivi kila baada ya sekunde 50, kwa saa zisizopungua 24, hata baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Sambamba na hiyo hutoa mlio hafifu wa megahezi 121.5 kwa mwokoaji aliye karibu mwenye kipokezi cha kufuatia mwelekeo. Ina taa inayomweka, na nyingine ya infraredi ambayo jicho halioni lakini miwani ya usiku ya marubani huiona. Ni hayo tu. Haikuulizi lolote, wala haikujibu lolote.

Garmin inReach Mini 2 ina gramu 100 na hutumia setilaiti 66 za Iridium zinazozunguka kilomita 780 hivi juu ya ardhi. Ilipoingia sokoni mwaka 2022 bei yake ilikuwa dola 400. Hutuma na kupokea ujumbe wa herufi 160, huacha nyayo za safari yako kwenye ramani, na ina kitufe cha SOS chini ya kifuniko. SOS hiyo huenda kwenye kituo cha Garmin kilichoko Texas, ambacho huwasiliana na mamlaka za nchi ulipo na kukuandikia wewe. Haya yote yanategemea bando. Bando likikatika, hata SOS haiendi, na hili linawanasa wengi: mtu analipia mwezi wa safari, safari inaahirishwa wiki mbili, anapanda na kifaa kilichochajiwa vizuri kisicho na uhai wowote.

Historia fupi, kwa sababu inaeleza kwa nini bikoni iko ilivyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani walioangukia baharini walikuwa na redio iliyoitwa SCR-578, boksi lenye kiuno chembamba ili mtu alishike kati ya mapaja huku akizungusha mpini kutengeneza umeme, na antena ikainuliwa kwa tiara. Ilituma SOS kwenye kilohezi 500. Milimani haikuwa na msaada mkubwa; jaribu kurusha tiara ndani ya wingu ukiwa na mkono uliovunjika. Mwaka 1972 ndege iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea Alaska na haijapatikana mpaka leo, na katika miaka hiyohiyo Marekani ikalazimisha ndege za kiraia kubeba kipaza dharura, redio ya kutuma wito wa msaada inayojiwasha yenyewe ndege ikianguka. Ukafuata Cospas-Sarsat, mtandao wa setilaiti zinazosikiliza wito wa dharura, ulioundwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, wakati mataifa hayo yalikuwa hayaaminiani kwa jambo lingine lolote. Uokoaji wake wa kwanza, Septemba 1982, ulikuwa wa ndege ndogo iliyoanguka milimani British Columbia. Watu watatu wakatolewa hai.

Tahadhari moja inatoka kwenye historia hiyo. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena megahezi 121.5. Ukiuziwa kifaa cha mtumba kinachotuma masafa hayo peke yake, umenunua mlio ambao hakuna anayeusikia mpaka awe amekaribia sana.

Sasa mlimani. Kwa bikoni, kukaa kwetu kwenye ikweta ni neema. Setilaiti za Cospas-Sarsat zilizosimama juu ya ikweta, ambazo kule Ulaya huonekana chini karibu na upeo na kuzibwa na kilima chochote, kwetu ziko juu sana angani. Bonde la Bujuku kule Rwenzori limebanwa na milima ya Stanley, Speke na Baker, lakini juu yake pako wazi, na bikoni iliyokwisha kupata GPS hupeleka taarifa yake bila kusubiri setilaiti ipite. Zamani, GPS ilipokuwa haijawekwa ndani ya bikoni, ikweta ilikuwa hasara: setilaiti za chini zinazopita juu ya ncha za dunia hupita kwetu kwa nadra kuliko popote, na mahali pa bikoni palikadiriwa kwa kosa la kilomita 5 hivi. Kilomita 5 Rwenzori ni siku nzima ya tope. Tena Margherita iko mpakani kabisa, kwa hiyo kosa hilo linaweza kukuweka upande wa Kongo, na taarifa ikaanzia kwenye meza ya nchi nyingine. GPS hushusha kosa hadi kwenye mita 100 hivi. Ndiyo sababu bikoni isiyo na GPS isinunuliwe kwa ajili ya Rwenzori hata ikiwa ya bure.

inReach inateseka zaidi kwenye msitu. Setilaiti za Iridium zinakimbia, na kifaa kinahitaji kuiona moja kwa muda wa kutosha kukamilisha ujumbe. Kwenye mianzi iliyoloa chini ya kambi ya John Matte, au chini ya miti iliyovaa kuvumwani mpaka matawini, ujumbe unaweza kukaa ukijaribu dakika 10, dakika 20, huku betri ikiliwa kwa kasi kuliko inavyoandikwa kwenye boksi. Garmin hutaja siku 14 za kuacha nyayo kila dakika 10. Hizo ni siku 14 za anga tupu. Kwa mzunguko wa siku saba au nane wa Rwenzori chukua betri ya akiba na waya wa USB-C, na kabla ya kuchaji pangusa tundu lake likauke kabisa, maana maji ya tope ndani ya tundu yanakula vishikizo. Elgoni ni rahisi zaidi: ukishatoka msituni kwenye njia ya Sasa, anga ni pana hadi ukingo wa kreta.

Lakini nyayo hizo ndizo zinazoifanya inReach ipite. Fikiria kundi limepotea kwenye ukungu na hakuna aliyebonyeza chochote, ama kwa kuumia, ama kwa kuamini kwamba njia iko hapo mbele. Mtembeaji wa Rwenzori, kwenye matope ya magotini, hufanya kilomita 2 kwa saa akijitahidi. Kwa nukta moja kila dakika 10, nukta ya mwisho iko mita 300 na kitu kutoka alipokuwa dakika kumi baadaye. Waokoaji wanaanzia hapo. Kwa anayeruka hesabu ni nyingine kabisa: helikopta ya kilomita 220 kwa saa hupita karibu kilomita 37 katika dakika hizo kumi, mlima mzima na masalio. Anayeibeba kwenye ndege ndogo aiweke kila dakika 2, nukta ziwe kilomita 7 hivi, na aibandike dirishani. Ndani ya mfuko chini ya paa la bati haiandiki kitu.

Mahali unapodhani upo na mahali ulipo si kitu kimoja, na milima ina ushahidi wa hilo. Novemba 1946 ndege aina ya Dakota ya jeshi la Marekani iliyokuwa ikielekea Italia ilianguka juu ya barafu ya Gauli nchini Uswisi. Waliokuwamo, 12, walinusurika wote, na redio yao ikafanya kazi. Shida ni kwamba walidhani wako Alpi za Ufaransa. Msako ukaanzia nchi isiyo yenyewe, wao wakiganda, hadi mwelekeo wa mawimbi yao ulipopimwa. Walitolewa tarehe 24 Novemba kwa ndege ndogo za Storch zilizotua juu ya barafu.

Siku hizi kosa la namna ile linafanywa na vidole. Margherita iko nyuzi 0 dakika 23 kaskazini, nyuzi 29 dakika 52 mashariki. Kwa desimali ni 0.38 na 29.87. Mtu akisomewa "sifuri, ishirini na tatu" kwenye simu akaandika 0.23, amewapeleka waokoaji kilomita 17 kusini. Akikosea kaskazini akaandika kusini, amewapeleka kilomita 85, jirani ya Ziwa Edward, kwenye joto la viboko. Mlima Kenya uko nyuzi 0 dakika 9 kusini. Kule kosa la herufi hiyo moja ni kilomita 33. Nchi za mbali na ikweta hazina mtego huu, na vitabu vya maelekezo vya vifaa vyote viwili havitaji, kwa kuwa havikuandikiwa sisi. Kabla ya kupanda, weka inReach kwenye mfumo mmoja wa nyuzi, mpe mtu wako wa chini, yule anayebaki bondeni kupokea ujumbe wako, karatasi yenye mfumo huohuo na mfano mmoja uliosahihi, na kila namba isomwe pamoja na neno kaskazini au kusini.

Saa ni mtego wa pili. Taarifa za bikoni huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu: 14:20 ya kwao ni saa 11 na dakika 20 jioni ya kwetu, yaani giza liko karibu. Ujumbe wa Kiswahili unaosema "tunashuka saa 12" ni sawa kwa mtu wa Kilembe, ila ukipita Texas unakuwa saa sita mchana. Kwa SOS andika Kiingereza na saa za tarakimu nne, 0600. Kwa mtu wako wa chini andika lugha mnayoelewana, bora iwe ileile siku zote.

Na uandike nini? Huu ndio ujumbe unaofaa kwa mtu wako wa chini, uko chini ya herufi 160:

"Mtu 1, mguu umevunjika, ana fahamu. Kambi ya Elena, mita 4541. Tuma machela na wapagazi 8. Mvua kubwa. Tutaanza kushuka Bujuku kesho saa 12 asubuhi."

Angalia kilichomo: wangapi, wameumiaje, wako wapi kwa jina ambalo mpagazi analijua, kije nini, hali ya hewa ikoje, na nyie mtafanya nini wakati mnasubiri. Bikoni haiwezi kusema hata kimoja kati ya hivyo zaidi ya mahali. Watu watakaopanda kwa ajili ya ResQLink hawajui kama wanamfuata mtu aliyeteguka kifundo au aliyejaa maji mapafuni kwa sababu ya mwinuko. Wa kwanza anaweza kulala na kusubiri machela. Wa pili anatakiwa kushushwa usiku huohuo hata kwa kubebwa mgongoni, na anayekaa kambini akisubiri msaada wa juu anamuua. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua kifaa cha kampuni ya waongozaji.

Wapagazi wanane si anasa. Machela kwenye miamba ya kutoka Elena hubebwa na wanne kwa zamu fupi, na wanaopumzika hubeba mizigo ya wanaobeba. Tuma neno "msaada" bila namba uone watakuja wangapi.

Upande wa ResQLink, makosa mengi hutokea kabla ya safari. Kila bikoni ina utambulisho wa tarakimu na herufi 15, na ndani yake mna msimbo wa nchi: 675 ni Uganda, 634 Kenya, 366 Marekani. Iliyoagizwa Marekani huja na msimbo wa huko na huandikishwa huko. Satelaiti itaisikia popote, lakini watakaopigiwa simu ni wale walioandikwa kwenye usajili, na kama hakuna aliyeandikwa, kituo kinaanza kuuliza huku na huku kama ni kengele ya uongo. Mwambie muuzaji abadilishe msimbo kabla ya kutuma, na uthibitishe kwa maandishi namna ya kuisajili. Kuhusu kuingiza kifaa chochote cha setilaiti nchini, pata jibu la UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwanza. Ni afadhali barua moja kuliko boksi kukaa Entebbe. Namba za dharura ziwe za watu wasiopanda nawe. Inaonekana wazi mpaka unapokuta fomu ya mume imeandikwa mke, ya mke imeandikwa mume, na wote wawili wako kambi ya Bugata, juu mlimani.

Namna ya kuiwasha. Fungua antena mpaka mwisho na uisimamishe wima. Bonyeza kitufe ukishikilie mpaka taa ianze kumweka. Kisha iache: iweke juu ya jiwe lililo wazi, uso wenye alama ya GPS ukitazama juu. Usiifunike kwa kiganja, usiinamie, usiirudishe kwenye koti kwa huruma ya mvua, haina madhara nayo. Usiizime ili kutunza betri. Watu huizima baada ya saa moja wakidhani ujumbe umeshafika kama wa simu, kumbe kila mkupuo unaofuata ndio unaothibitisha na kusahihisha mahali. Usiwashe ndani ya kibanda. Paa la mabati linaimeza. Aliyeanguka na ndege aisogeze hatua kadhaa kutoka kwenye mabaki, kwani mabati yaliyopinda hurudisha mawimbi na kuchanganya mlio wa 121.5 kwa anayeufuata.

Hapo ndipo bikoni ya mwilini inapoizidi ile iliyofungwa ndani ya ndege. Kipaza dharura cha ndege hujiwasha kwa kishindo, ila kishindo hichohicho hukata waya wa antena, au ndege hulala chali antena ikiwa chini, au moto hufika kwanza. Rubani na abiria wa ndege ndogo wanaovuka milima wavae bikoni kwenye kizibao. Iliyo kwenye begi nyuma ya kiti ni mali ya ndege, na ndege ikiungua inaungua nayo.

Kwa waendao kwa miguu kanuni ni ileile. Rwenzori wapagazi hutangulia. Wao ni Wabakonzo wa milima ile na tope haliwacheleweshi. Begi lako kubwa likiwa na bikoni linafika kambini saa mbili kabla yako, na wewe uliyeteleza kwenye ngazi za mbao una chupa ya maji na kamera. ResQLink ining'inie kwenye mkanda wa kifuani, si ndani ya mfuko wa begi. inReach iwe kwa mwongozaji wa nyuma, yule anayetembea na mchovu kuliko wote, kwa sababu ajali humpata huyo.

Majaribio: bikoni ina jaribio lake la ndani lisilopeleka taarifa ya dharura. Fanya moja kabla ya safari, ndani ya dakika tano za mwanzo wa saa, ndiyo desturi kwa ajili ya ule mlio wa 121.5. Jaribio la GPS lina idadi yenye kikomo kwa maisha ya betri, kwa hiyo usilifanye onyesho kwa kila mgeni. Kwa inReach tuma ujumbe wa kawaida ukiwa Nyakalengija au Budadiri, mwanzo wa njia za Rwenzori na Elgoni, na usubiri jibu. Jibu, si alama ya "imetumwa".

Hukumu yetu haiko katikati. Kampuni au kikundi kinachopandisha watu Rwenzori kinunue inReach Mini 2, kilipe bando la mwaka mzima, na kiwe na mtu wa chini anayelala na simu yake ikiwa hai. Anayepanda Elgoni mara moja kwa mwaka, au anayeruka na ndege ndogo, ResQLink 400 inamtosha na haimdai kitu kila mwezi. Mwenye uwezo wa kubeba zote mbili, uzito wake wote haufiki robo kilo. Simu ya kawaida ibebwe pia. Kwenye baadhi ya matuta yanayotazama Kasese hushika, na ikishika inashinda vyote viwili kwa sababu mtu wa upande wa pili anaweza kuuliza swali.

Dosari za kuudhi: skrini ya inReach ni ndogo mno kwa kuandikia, na kidole chenye glavu iliyoloa hakiwezi, kwa hiyo tayarisha ujumbe mfupi kabla ukiwa nyumbani au uiunganishe na simu. ResQLink 400 haina skrini kabisa, unabaki kuamini taa. Bikoni mpya zaidi zenye njia ya kurudisha jibu kupitia Galileo, setilaiti za Ulaya, huwasha taa maalumu taarifa ikipokelewa, na kwa mtu aliyekaa kwenye baridi peke yake taa hiyo ina thamani kuliko tofauti ya bei.

Ukinunua ya mtumba, angalia vitu vitatu papo hapo dukani. Tarehe ya betri iliyoandikwa ubavuni: kubadilisha betri ya bikoni ni kazi ya karakana iliyoidhinishwa, si fundi wa simu, na gharama yake inaweza kukaribia nusu ya kifaa kipya. Zile tarakimu 15 zilizochapwa: zilingane na zilizo kwenye karatasi, na mwenye kuuza awe amejiondoa kwenye usajili, la sivyo utakapobonyeza watampigia yeye. Na lakiri ya plastiki inayofunika antena: ikiwa imekatika, bikoni iliwahi kufunguliwa, na betri imepungua kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukupimia hapo kaunta. Irudishe kwenye boksi umpe muuzaji.